Uzinduzi wa mradi huvunjikia kwenye makabidhiano

Kazi nyingi za uzinduzi hufanywa vizuri na mtu mmoja mmoja, kisha zikaharibika pale zinapotoka mkononi mwa huyu kwenda mkononi mwa yule. Mwandishi amemaliza maandishi, msanifu amemaliza picha, fundi wa programu amemaliza ukurasa, watu wa huduma kwa wateja wamekaa kwenye simu zao. Na bado, asubuhi ya siku yenyewe, kitufe cha "Jisajili" kinampeleka mtu kwenye ukurasa wa majaribio. Hakuna aliyezembea. Kiungo kilibadilishwa juzi, aliyekibadilisha alimwarifu mtu mmoja, na huyo siye aliyepaswa kuarifiwa.

Mfano uliochunguzwa sana ni Jengo la Tano la uwanja wa ndege wa Heathrow, London, lililofunguliwa tarehe 27 Machi 2008. Jengo lenyewe lilikamilika kwa wakati. Siku ya kwanza wafanyakazi walihangaika kutafuta pa kuegesha magari, wakakwama kwenye ukaguzi wa usalama, na wengine wakashindwa kuingia kwenye mfumo wa mizigo. Ndani ya mfumo huo kulikuwa na kichujio kilichowekwa wakati wa majaribio ili taarifa za mfano zisipenye kwenye mifumo mingine ya uwanja. Hakikuondolewa. Siku ya kazi ya kweli kikazuia taarifa za kweli za mizigo ya abiria wanaobadilisha ndege. Mabegi yakarundikana, na safari zilizofutwa katika siku zilizofuata zikafikia mamia. Kichujio kilikuwa wazo zuri la fundi mwangalifu; kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye orodha unaosema nani atakiondoa, lini, na nani atahakikisha kimeondoka.

Ninayoandika hapa yanahusu hasa timu za watu 5 hadi 20 zinazozindua huduma, tovuti au programu ya simu, ingawa sehemu kubwa inafaa hata kwa mradi usiogusa kompyuta.

Mnazindua nini hasa?

Kabla ya kutaja tarehe, andikeni sentensi moja inayosema nani ataweza kufanya nini, kupitia wapi, kuanzia saa ngapi. "Tunazindua programu mwezi ujao" haisemi lolote. "Kuanzia Jumanne saa 09:00, mtu yeyote mwenye simu ya Android ataweza kupakua programu, kujisajili kwa namba yake na kulipia huduma ya kwanza" inasema yote, na papo hapo inaibua kazi tatu zinazosahaulika mara kwa mara: ujumbe wa kuthibitisha namba, malipo yanayopita kwa fedha za kweli, na nani atamrudishia mteja fedha zake malipo yakikwama katikati.

Halafu tenganisheni siku ya kufungua mlango na siku ya kupiga mbiu. Siku ya kufungua, huduma iko hai lakini wanaoijua ni wachache mliowaalika. Siku ya mbiu ndipo matangazo yanatoka, wanahabari wanaambiwa, ujumbe unatumwa kwa orodha nzima ya wateja. Ziachane kwa siku 5 hadi 10. Mkifungua na kutangaza saa ileile, kasoro ya kwanza itaonwa na kila mtu; mkitenganisha, itaonwa na watu 50 waliokwisha kuambiwa kwamba wanasaidia kuitafuta. Katika mpango mzima wa uzinduzi sijui uamuzi wenye faida kubwa kuliko huu, na gharama yake ni subira tu ya mtu wa matangazo.

Kwa programu za simu kuna jambo la kujua mapema. Apple ina utaratibu wa kutoa toleo kidogo kidogo kwa siku 7: asilimia 1, 2, 5, 10, 20, 50, kisha 100, na mnaweza kuusimamisha kwa jumla ya siku 30. Google Play, duka la programu za Android, nayo inaruhusu kuchagua asilimia. Lakini utaratibu huo ni wa matoleo mapya ya programu ambayo tayari iko sokoni. Programu inayoingia dukani kwa mara ya kwanza haina asilimia. Inafunguka kwa wote walio katika nchi mlizochagua. Kwa hiyo mwanzo wa polepole lazima mwutengeneze wenyewe: anzeni na nchi moja, au na kundi la majaribio la mwaliko, au wekeni swichi upande wa seva (kompyuta kuu inayoendesha huduma) inayoruhusu akaunti chache kwanza. Timu ikiligundua hili siku tatu kabla, mpango wote wa "tutaanza na asilimia 5" unayeyuka.

Toleo la kwanza lipelekeni kukaguliwa na duka wiki mbili kabla, kisha chagueni litolewe kwa mkono badala ya kutoka lenyewe likipitishwa. Maombi mengi hupitishwa haraka. Linalowaumiza watu ni kukataliwa, kwa kuwa baada ya kurekebisha mnarudi kwenye foleni.

Mwenye uamuzi ni mmoja

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Tovuti ya serikali ya Marekani ya bima ya afya, HealthCare.gov, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 ikafikiwa na umati mkubwa kuliko ule iliyoandaliwa, na nyaraka zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba siku ya kwanza waliofika mwisho wa usajili walikuwa watu 6. Uchunguzi rasmi uliofuata ulitaja sababu nyingi, na mojawapo ya kubwa ilikuwa kukosekana kwa uongozi ulio wazi: makampuni na ofisi nyingi, kila moja na kipande chake, na hakuna aliyeshika kitu kizima mkononi.

Kwenye timu ndogo majina mawili yanatosha kuanzia. Wa kwanza ni mwenye uamuzi, yaani anayesema "twende" au "tusimame" na neno lake likawa la mwisho. Wa pili ni mratibu, anayejua kila kazi iko wapi. Wasiwe mtu mmoja kama inawezekana, maana mwenye uamuzi huvutwa kwenye mazungumzo na wakubwa saa ileile ambayo mratibu anahitajika chumbani. Na mratibu asipewe kazi nyingine kubwa ya uzinduzi. Mkimpa pia kuandika maandishi yote, wiki ya mwisho atakuwa anaandika, na hakuna atakayekuwa anaratibu.

Kuna hesabu inayoeleza kwa nini watu 12 hawawezi kuratibiana kwa kila mmoja kuzungumza na kila mmoja. Njia za mawasiliano kati ya watu ni idadi yao mara idadi hiyo pungufu kwa moja, gawanya kwa 2. Watu 5 wana njia 10. Watu 12 wana njia 66. Wagawe hao 12 katika maeneo manne, kila eneo na kiongozi wake, na viongozi wanne pamoja na mratibu wanarudi kwenye njia 10. Maeneo yanayofaa mara nyingi ni ufundi, maandishi na matangazo, huduma kwa wateja, na fedha pamoja na sheria. Kila kiongozi awe na wa akiba anayejua kazi yake, kwa jina. "Idara ya ufundi" siyo jina. Usiku wa manane idara haipokei simu.

Jedwali na safu ya mpokeaji

Timu nyingi zina jedwali la kazi lenye safu nne: kazi, mhusika, tarehe, hali. Ongezeni mbili, mpokeaji na ushahidi. Hizi mbili ndizo zinazobeba uzinduzi.

Mpokeaji ni mtu atakayeanza kazi yake kwa kutumia kile kilichomalizwa. Maandishi ya ukurasa wa malipo yana mhusika ambaye ni mwandishi, na mpokeaji ambaye ni fundi wa ukurasa huo. Kazi haihesabiki kuwa imekwisha mpaka mpokeaji mwenyewe abadilishe hali yake. Hapo ndipo mengi hufichuka: maandishi yamekuja bila ujumbe wa makosa, picha imekuja kwa upana usiotoshea kwenye simu, namba ya huduma kwa wateja imeandikwa bila msimbo wa nchi. Mwandishi hangeweza kuyaona hayo. Mpokeaji huyaona ndani ya dakika tano, ikiwa amelazimika kufungua faili siku lilipofika na siyo siku anapolihitaji.

Ushahidi ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukifungua: kiungo, picha ya skrini, risiti ya malipo ya majaribio, barua pepe ya kibali. "Nimeongea nao, wamesema sawa" siyo ushahidi.

Hali ziwe tatu tu: haijaanza, inaendelea, imepokelewa. Futeni asilimia. Kazi iliyofika "asilimia 90" inaweza kukaa hapo wiki mbili huku kila mtu akiamini iko karibu kwisha. Kama kazi ni kubwa kiasi cha kuhitaji asilimia, ikateni; mstari wa jedwali usizidi siku tatu za mtu mmoja. Kwa timu ya watu 10 na uzinduzi wa wiki sita, jedwali lenye mistari 80 hadi 150 ni la kawaida. Likiwa na mistari 20, makabidhiano hayajaandikwa, yapo vichwani.

Jedwali liwe moja. Nakala ya pili iliyopakuliwa na kutumwa kwa barua pepe itapitwa na wakati siku ileile, na mtu atafanya kazi kwa kuifuata.

Kuhesabu kutoka mwisho

Iteni siku ya mbiu U, kisha mrudi nyuma: U-1 ni siku moja kabla, U-30 ni siku thelathini kabla. Faida yake ni kwamba tarehe ikisogezwa, mpango mzima unasogea nayo bila kuandikwa upya.

Kwanza tafuteni mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana. Njia hii ya kupanga ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya viwanda vya kemikali na makombora ya nyambizi, na bado hakuna iliyo bora zaidi kwa swali la "tunaweza kumaliza lini mapema kabisa?" Watu hudhani mnyororo huo uko kwa mafundi. Mara nyingi uko kwenye maandishi. Chukueni masharti ya matumizi: kuandika siku 3, kuhakikiwa na mwanasheria siku 5, kutafsiriwa siku 4, kuwekwa ndani ya programu siku 2, kujaribiwa siku 3, kukaguliwa na duka siku 3. Jumla ni siku 20 za kazi, yaani wiki nne, hata kama fundi ana kazi ya siku 10 tu. Mkianza kuandika masharti wiki ya pili kwa sababu "ni maandishi tu", mmekwisha kuchelewa na hakuna aliyeona.

Makadirio ya kila kazi yaombeni matatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kawaida, yakienda vibaya. Jumlisha la kwanza, mara nne la pili, na la tatu, kisha gawanya kwa 6. Kazi ya siku 2, 4 au 12 inatoka siku 5. Namba yenyewe ni ya manufaa, lakini faida kubwa ni kumsikia mtu akieleza kwa nini alisema 12. "Ikiwa benki itataka nyaraka upya" ni taarifa ambayo asingeitoa kama mngemwuliza siku ngapi tu.

Akiba ya muda isifichwe ndani ya kila kazi. Kila mtu akijiongezea siku mbili, siku hizo huliwa kimyakimya na mwisho hakuna akiba. Ichukueni yote, asilimia 20 hadi 25 ya mnyororo mrefu, muiweke mwishoni mkononi mwa mratibu, naye aitoe hadharani: "Tumetumia siku 1 kati ya 5 kwa ajili ya tafsiri." Timu inayoona akiba ikipungua huongea mapema.

Kuna tarehe tatu za kufunga ambazo hazijadiliwi tena zikishakubaliwa. U-14, hakuna kipengele kipya kinachoingia. U-7, maandishi na picha zinafungwa, likiwemo jina la huduma (ndiyo, majina hubadilishwa wiki ya mwisho, na hukaa sehemu nyingi kuliko mnavyodhani: kwenye risiti, kwenye ujumbe wa kuthibitisha, kwenye sauti ya simu ya huduma). U-2, hakibadilishwi chochote isipokuwa kasoro inayomzuia mtu kufanya lile lililoandikwa kwenye sentensi yenu ya kwanza.

Siku yenyewe iwe Jumanne au Jumatano, asubuhi. Jumatatu watu bado wanakusanya yaliyotokea mwishoni mwa wiki. Ijumaa kasoro hujitokeza wakati mtu wa kuitengeneza ameondoka kazini. Epukeni pia siku ambazo mifumo ya malipo hulemewa, kama mwisho wa mwezi. Na saa ziandikwe kwa tarakimu za saa 24 pamoja na ukanda wa saa. Ukiandika "saa tatu", mmoja ataisoma 09:00, mwingine 03:00, na aliye nchi nyingine atahesabu kwa saa ya kwake.

Kuulizana kabla ya kuumia

Kati ya U-20 na U-15, kaeni dakika 45 kwa zoezi ambalo mwanasaikolojia Gary Klein alilieleza mwaka 2007. Mratibu anasema: "Ni mwezi mmoja baada ya uzinduzi, na umeshindwa vibaya. Andikeni kwa nini." Kila mtu anaandika peke yake, kimya, kwa dakika 7. Kisha kila mmoja anasoma sababu moja, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ziishe. Tofauti na kuuliza "kuna wasiwasi wowote?" ni kubwa. Kwenye swali hilo, anayesema ndiyo anaonekana mpinzani. Kwenye zoezi hili kushindwa kumekwisha kutokea, na kila anayeleta sababu amesaidia.

Aanze kusoma mdogo kabisa kazini, mwenye uamuzi awe wa mwisho. Mkubwa akitangulia kusema kwamba tatizo litakuwa matangazo, waliobaki watazungumzia matangazo hata kama karatasi zao zina mengine. Chagueni sababu tano nzito, kila moja ipewe mwenyewe na dalili ya mapema. "Malipo yatakwama" ni hofu tu. "Malipo yanayofeli yakizidi 3 kati ya 100 ndani ya dakika 15, fulani anazima kitufe cha kulipia na kuweka ujumbe wa kasoro ulioandikwa mapema" tayari ni mpango.

Mikutano mingine iwe mifupi. Mpaka U-10, mara mbili kwa wiki. Kuanzia hapo kila siku dakika 15, viongozi wa maeneo na mratibu tu. Isiwe kila mtu kusimulia alichofanya jana. Fungueni jedwali, someni mistari ya siku tatu zijazo, ulizeni mpokeaji, siyo mhusika: "Umepata?" Kwenye simu, wekeni makundi mawili ya ujumbe, moja la mazungumzo na jingine la maamuzi tu, ambalo mratibu peke yake ndiye anayeandika. Uamuzi uliofanyika ndani ya ujumbe 200 wa mazungumzo haujafanyika.

Onyo nalo linahitaji mpokeaji. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, Knight Capital, iliwasha programu mpya. Seva zilikuwa 8, programu iliwekwa kwenye 7; ya nane ilibaki na msimbo wa zamani ambao ulikurupuka na kuanza kutuma maagizo ya hisa mfululizo. Hasara ilizidi dola milioni 400 kwa muda wa dakika 45 hivi. Mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilieleza baadaye kwamba hapakuwa na utaratibu wa maandishi wa kumtaka fundi wa pili kukagua uwekaji, na kwamba kabla ya soko kufunguliwa mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 zikitaja kosa. Zilifika kwenye visanduku vya watu. Hazikuwa za mtu yeyote.

Mazoezi, na njia ya kurudi

U-5 fanyeni mazoezi kamili: watu walewale, saa zilezile, vifaa vilevile, bila kuruka hatua kwa sababu "hiyo tunaijua". Mtu asiyehusika na mradi apewe simu yake mwenyewe, mtandao wa simu wa kawaida, na ile sentensi ya kwanza, aone kama anaweza kuifanya. Msimwelekeze. Lipieni kwa fedha za kweli, kiasi kidogo, kisha rudisheni fedha hizo, mpaka mwone zimeingia.

Hesabuni mzigo badala ya kuukisia. Mkituma ujumbe kwa watu 20,000 kwa mkupuo, na 5 kati ya 100 wakabonyeza ndani ya dakika 10 za kwanza, hao ni 1,000. Kila mmoja akifungua kurasa 4, ni kurasa 4,000 kwa sekunde 600, karibu 7 kwa sekunde. Kila ukurasa ukivuta mafaili 30, seva inapokea maombi 200 kwa sekunde. Hiyo ni wastani, na dakika ya kwanza huwa nzito zaidi. Jaribuni kwa mara tatu, maombi 600. Kama mfumo hauhimili, njia rahisi kuliko kununua seva ni kutuma ujumbe kwa mafungu: watu 2,000 kila dakika 15, fungu la mwisho linatoka saa mbili na robo baada ya la kwanza, na mnaweza kusimama wakati wowote.

Sehemu inayorukwa zaidi ni mazoezi ya kurudi nyuma. Timu hujua kupanda, hazijui kushuka. Rudisheni toleo la zamani kwenye mazoezi, mpime kwa saa. Ikichukua dakika 40 na mbiu inapigwa 10:00, basi uamuzi wa kusimama hauwezi kusubiri 09:50. Mwisho wake ni 09:20, na kwa akiba, 09:00. Kule Knight, mafundi waliondoa programu mpya kwenye seva zile 7 zilizokuwa sawa, wakidhani wanatibu, na tatizo likaenea kwa zote nane. Kurudi nyuma ambako hakujawahi kujaribiwa ni uzinduzi mwingine, tena wa haraka, ndani ya ule uliokwama.

Kama mnahamisha tovuti kwenda seva mpya, angalieni muda ambao intaneti inaruhusiwa kukumbuka anwani ya zamani ya kikoa chenu (jina la tovuti). Ukiwa sekunde 86,400, baadhi ya watu wataendelea kupelekwa seva ya zamani kwa siku nzima. Ushusheni hadi 300, yaani dakika 5, angalau siku mbili kabla. Kuushusha asubuhi ya uzinduzi hakusaidii, kwa sababu waliokwisha kukumbuka wamekumbuka kwa muda ule mrefu. Na ile seva ya zamani iacheni hai kwa wiki moja.

U-1 na siku yenyewe

Masharti ya "twende" yaandikwe U-14, wakati hakuna aliyechoka. Mfano: kasoro za daraja la kwanza ni sifuri, mazoezi ya kurudi nyuma yamefanyika na kupimwa, huduma kwa wateja wana majibu ya maswali 20, kila nafasi ina mtu na wa akiba, vibali vyote viko kwenye jedwali kama ushahidi. Jioni ya U-1 mratibu anamwita kila kiongozi kwa zamu, naye anajibu "tayari" au "si tayari". "Tayari, lakini..." ihesabiwe si tayari, kisha mwenye uamuzi aisikilize hiyo "lakini" na aamue. Mkiandika masharti usiku huohuo, mtayaandika yafanane na hali mliyonayo.

Siku ya mbiu, ratiba ya saa inaweza kuwa hivi:

07:00, viongozi wako mahali pao, kila mmoja amejaribu kuingia kwenye mifumo anayohitaji.
07:30, fundi wa kwanza anaweka toleo. Wa pili anakagua kila seva, moja moja, na kuandika namba ya toleo.
08:15, mtu wa nje ya timu anafanya safari nzima ya mteja kwa simu yake.
09:00, uamuzi wa mwisho: twende au turudi.
10:00, fungu la kwanza la ujumbe, kisha tangazo la hadharani baada ya fungu la pili kwenda salama.
12:00, 15:00 na 18:00, hesabu: waliojisajili, malipo yaliyofeli, maswali yaliyoingia.

Chumbani, au kwenye simu ya pamoja, kuwe na mwandishi ambaye kazi yake ni kuandika saa, tukio na uamuzi tu. Kasoro zipangwe kwa madaraja matatu. La kwanza: watu hawawezi kufanya lile lililoahidiwa, au fedha na taarifa zao ziko hatarini, hapo tunarudi nyuma au kuzima sehemu husika. La pili: wanaweza, kwa taabu, linatengenezwa leo, likikaguliwa na mtu wa pili. La tatu: rangi, nukta, picha iliyopinda, linaandikwa na kuachwa mpaka U+2. Marekebisho madogo ya haraka ya saa 11:00 ndiyo yanayoangusha mifumo iliyokuwa inasimama vizuri.

Ujumbe kwa wateja uwe umeandikwa na kupitishwa siku tatu kabla: mmoja wa kuchelewa, mmoja wa kasoro inayoshughulikiwa, mmoja wa kusitisha. Uwe na nafasi tupu ya saa tu. Kuandika maneno ya kuomba radhi huku simu zinalia, na mwanasheria hapatikani, hupoteza nusu saa ambayo wateja wanaijaza kwa uvumi.

Gawanyeni zamu tangu mwanzo, saa 8 kwa mtu, mwenye uamuzi naye akiwa na wa kumpokea. Kipindi kibaya zaidi huwa jioni: waliojisajili asubuhi wanarudi kutumia huduma kwa kweli, na timu ya asubuhi imechoka. Zamu inapobadilika, anayetoka na anayeingia wakae pamoja dakika 15 mbele ya daftari la mwandishi.

Baada ya hapo, U+1 hadi U+7, maswali ya wateja yahesabiwe kwa aina kila jioni. Swali lililoulizwa mara 30 siyo kazi ya huduma kwa wateja tena. Ni mstari mpya kwenye jedwali, wenye mhusika na mpokeaji. U+7 au U+10 fanyeni tathmini kwa kutumia daftari la saa, siyo kumbukumbu, na fungeni vilivyokuwa vya muda: akaunti za majaribio, ruhusa za ziada mlizopeana, punguzo la wageni wa kwanza, vichujio na swichi za mazoezi. Muda wa kukumbuka anwani urudisheni kwenye sekunde za awali, seva ya zamani izimwe, na kila kimoja kati ya hivyo kisainiwe na mtu wa pili aliyekwenda kuangalia kwa macho yake.